Kakakuona Kwenye Jedwali la Dagaa

Thobias alipofika mwalo wa Kibirizi, pale mitumbwi ya Ziwa Tanganyika inaposhusha samaki, mara ya kwanza hakuona dagaa. Aliona akina mama wenye simu. Mmoja anapiga Ilagala kuuliza kama kuna mzigo, mwingine anapiga Mwamgongo, wa tatu bando limemwishia anamuuliza wa kwanza. Mungu amempa kila kiumbe riziki yake, na Thobias ya kwake alipewa mdomoni. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua laptopu yenye ufa, akagawa shikamoo mpaka kwa wale aliowazidi umri.

Akawaeleza kwamba siku hizi ofisi nzima inakaa mtandaoni. Jedwali moja, kila mtu analifungua kwenye simu yake. Akiandika huyu hapa, yule kule anaona papo hapo. Kijiji gani, magunia mangapi, bei gani. Mvua haililoweshi, panya hawalitafuni. Na gharama yake ni bure.

"Bure ya nani?" aliuliza Marcelina, mjane aliyezeeka na biashara ile.

"Bure ya kuwasaidia mama zangu."

Marcelina alisali Baba Yetu kimoyomoyo, akakazia pale pa kuokolewa na yule mwovu, kisha akajiunga. Na ukweli usemwe, jedwali lilikuwa zuri. Mwanzoni hakuna aliyepanda boti kufuata mzigo ambao mwenzake ameshaununua.

Thobias naye alilipenda, kwa kuwa alikuwa analisoma. Aliingia kila alfajiri kwa simu yake ya pili, isiyo na jina lake, akaona mzigo mnono uko wapi, akamnong'oneza Wilfred, tajiri mwenye boti ya kasi. Wilfred akampa kitu kidogo. Akina mama walipofika kijijini walikuta mchanga mtupu. Marcelina alirudi na magunia yake matupu safari baada ya safari, na Wilfred akaanza kupita mbele ya kibanda chake na chanja zake za kuanikia, akizipima kwa macho. Alimwambia kwa upole kwamba mama akichoka kabisa, yeye yupo, atanunua vyote.

Marcelina hakuchoka. Alitazama. Jedwali lile lilikuwa na tabia moja: kila aliyemo huonekana juu kwa kiduara cha rangi, Devota kijani, Esther njano, na kisanduku cha rangi hiyohiyo husimama pale anapogusa. Aliyeingia bila kujitambulisha, mtambo humpa jina la mnyama. Na kila alfajiri, kabla ya kengele ya misa, aliingia mmoja wa zambarau: Kakakuona Asiyejulikana.

Alimuuliza Thobias. Thobias, bila kupepesa, akajibu kuwa huyo ni mlinzi wa mfumo, anazunguka kufukuza wezi.

"Ahsante, baba. Na analala wapi?"

"Kwenye wingu, mama."

Marcelina akawaita wenzake nyuma ya chanja. Devota alishauri kijana achapwe na kasia.

"Kakakuona hapigwi," alisema Marcelina. "Akitokea huwekewa vitu mbele ili atabiri mwaka: maji, mtama, panga. Mnakaa kimya mnatazama anaelekea wapi."

Wakamwekea. Esther akaandika mzigo mkubwa Ilagala, ambako hakukuwa na hata mkia wa dagaa. Alfajiri kisanduku cha zambarau kikasimama juu ya Ilagala, na jua lilipochomoza boti ya Wilfred ikakata maji kuelekea kusini. Ilirudi nyepesi. Wilfred akamwambia Thobias maneno yasiyoandikika, na kwamba kitu kidogo asikitegemee tena.

Mwenye busara hapo angejiuliza. Thobias alijiuliza, ila swali jingine: kwa nini amtajirishe Wilfred wakati na yeye ana mfuko?

Siku chache baadaye Marcelina alikuwa na maneno tayari, lakini kwa kuwa ni mtu wa jumuiya ya kanisa hakukubali kuandika uongo kwa kidole chake. Alimpa simu Devota, ambaye dhamiri yake ina nafasi zaidi. Devota akaandika: Mwamgongo, dagaa wa usiku wa jana, wengi mno, bei ya kutupa, tutawafuata keshokutwa.

Kakakuona akatua Mwamgongo, akaganda kama nzi juu ya embe. Kabla ya adhuhuri Thobias alikuwa kibandani anatafuta magunia, eti ya mkaa wa shangazi. Marcelina akamuuzia yale yote aliyorudi nayo matupu, kwa bei ya kumheshimu shangazi. Alipoulizia boti, akamwelekeza kwa shemeji yake Feliksi, ambaye alitaka nauli mbele, ya mtu na ya mzigo. Thobias akatoa mpaka sarafu ya mwisho, akitegemea mdomo wake umkopeshe dagaa mpaka auze.

Feliksi alimshusha Mwamgongo jioni, akaahidi kurudi mzigo ukiwa tayari. Ufukweni mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu, taa zimetundikwa ukutani, wanaume wanacheza karata. Thobias akamuuliza mvuvi mmoja, Samson, aliyekuwa anashona wavu, dagaa wa jana wako wapi.

Samson alimwonyesha kwa kidevu. Nyuma ya milima mwezi ulikuwa unapanda, mzima, kama sinia.

"Dagaa tunawavuta kwa taa, gizani. Na mwezi huu, nani ataiona taa yangu?"

"Sasa mtavua lini?"

"Ukishapungua. Kaa hapa, shika ncha hii ya wavu."

Jambo hilo kila mtoto wa Ujiji analijua, na Wilfred analijua zaidi. Angeambiwa angecheka mpaka akae chini. Lakini Thobias hakumwambia, kwa kuogopa kugawana.

Akapanda mlimani kutafuta mtandao, akafungua jedwali. Lilikuwa tupu. Akina mama walikwishahamia jingine, ambalo haingii mtu bila jina lake la ubatizo. Lile la zamani walimwachia mstari mmoja: Mwamgongo, kakakuona mmoja, bei ya maelewano.

Mwezi ulipopungua na giza kurudi, wavuvi wakaingia ziwani, na Marcelina alikuwa mnunuzi wa kwanza kufika Mwamgongo. Alikuta dagaa wa kumtosha, na Thobias, mwenye vidole vilivyochubuliwa na nyuzi, akiuza magunia apate chakula na nauli. Marcelina akayanunua tena, yote, kwa bei ya kutupa. Kisha akamuuliza kwa upole kama huko kwenye wingu alikuwa analala vizuri.