Mguu wa Harusi na Mguu wa Shimoni

Leo nimepatikana, ndugu zangu. Na walionipata walikuwa wamevaa makoti meupe.

Wengi wenu mnajua habari ya goti langu. Kwa wasiojua: akina mama wa kwaya yetu ya Bwera tulicheza netiboli na akina mama wa Munkunyu. Nikarukia mpira ambao ulikuwa umeshaingia golini (ndiyo, nilichelewa, na bado niliruka), nikatua vibaya, goti likalia ka. Hospitalini Kasese wakasema kano ya goti imechanika. Haijakatika yote, lakini imechanika. Nikafungwa mkanda mgumu, nikapewa magongo mawili na mazoezi ya kufanyia kitandani, nikaambiwa nirudi baadaye waone kama kano inajiunga yenyewe au nitapasuliwa.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kurudi.

Jamani, nilivyokuwa na furaha! Mazoezi yote nilifanya. Maumivu yalikuwa yamekwisha kabisa. Moyoni nilishajiona niko sokoni, natembea mwenyewe na mzigo wangu wa vitenge kichwani, watu wananipisha. Kwa hiyo asubuhi nikaoga vizuri, kisha nikakaa kuuandaa mguu. Nasema mguu, si miguu. Ule mgonjwa. Nikausugua kisigino kwa jiwe, nikaupaka mafuta mpaka ukang'aa, nikapaka kucha rangi nyekundu. Rangi ikaishia kwenye kidole cha tano. Sikujali. Daktari ataangalia goti lililoumia, hilo lingine atalitakia nini?

Nikavaa gomesi yangu ya kijani, gauni refu linalofagia chini. Shemeji Bwambale, ambaye alikuwa na safari zake za Kasese, akaja na gari kunichukua. Wifi yangu Masika, dada yake mume wangu, akaingia kwanza. Yeye ndiye msindikizaji wangu tangu niumie. Akabeba mkoba wangu na maneno yake.

Na mimi nilikuwa naelekea garini, naapa, nilipomwona mbuzi wa jirani nyuma ya nyumba anatafuna blauzi yangu kwenye kamba.

Mtu mwenye akili angemwita mwenye mbuzi. Mimi nikamfuata mbuzi na magongo yangu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikainua gongo moja nimchape, gongo la pili likateleza, na mguu wangu ule mzima, usio na mkanda, ukazama kwenye shimo tunalotupa maganda na samadi. Ukazama mpaka juu ya goti. Mguu wa harusi, ule wa mkanda, ukabaki juu umekauka, salama, kama malkia. (Mbuzi alisimama akaniangalia. Hakuacha kutafuna.)

Masika akaja mbio, akanivuta. Shemeji akapiga honi. Nikamwambia Masika, "Acha niogeshe huu mguu."

"Hakuna saa ya kuoga," akasema Masika. "Bwambale iko anakasirika. Atatuacha hapa. Funika na gomesi, nani ataona?"

Nikafikiri, kweli, nani ataona? Nikapangusa wayo kwa majani, nikavaa soksi ya mume wangu na kiatu cha kufunika, nikashusha gomesi. Nje, mama wa heshima. Ndani, shamba.

Njiani yale matope yakaanza kukauka. Tukipita Kikorongo mguu ulikuwa umekaza kama umepigwa plasta. Shemeji akafungua vioo vyote, akauliza kama kuna mtu amekanyaga kitu. Mimi na Masika tukaangalia mlima.

Tukafika hospitali. Daktari wa viungo ni kijana Mkenya, mpole, na kwa kuwa lugha yetu ya Lhukonzo hajui, tunaongea naye Kiswahili. Chake kimenyooka. Changu ni cha kuuzia vitenge mpakani. Leo hakuwa peke yake. Alikuwa na wanafunzi wake, wamejaa chumba, kila mmoja na koti jeupe na kalamu.

"Mama, hawa wanajifunza," akasema. "Unaruhusu waangalie?"

"Waangalie tu, daktari," nikajibu. Nilitamani hasa waangalie. Niliupaka mafuta ule mguu kwa nini basi?

Nikapanda kitandani, nikapandisha gomesi upande mmoja tu, wa harusi. Daktari akafungua mkanda. Wanafunzi wakainama. Kucha nyekundu zikawaka. Mwanafunzi mmoja wa kike akasema, "Ngozi iko vizuri sana, mama." Nikasikia raha mpaka masikioni.

Daktari akakunja goti, akashika chini yake kwa mikono miwili, akalivuta kwake taratibu, kama mtu anayejaribu droo kama itafunguka. Ikafunguka kidogo. Akarudia. Uso wake ukabadilika.

"Goti bado linacheza," akawaambia wanafunzi. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Mama, sikutaka iwe hivi. Kama linacheza hivi, huenda tukakupeleka kwa daktari wa upasuaji."

Furaha yangu yote ikashuka miguuni. Upasuaji! Nani atakaa sokoni? Nani atawapikia watoto? Masika akanishika bega.

"Lakini kwanza," akasema daktari, "nione goti lako lingine, nilinganishe."

Ndugu zangu, lile lingine!

"Ile ingine iko muzima, daktari," nikasema. "Haina neno."

"Najua. Ndiyo maana nataka kuliona."

"Iko muzima sana. Tangu nizaliwe haijaumwa."

"Mama, ni dakika moja tu."

Nikashika gomesi kwa mikono yote miwili. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya hesabu ambayo sitaki mtu yeyote aisimulie kanisani: upasuaji, au mguu? Na kwa kitambo kidogo, jamani, upasuaji ulikuwa unashinda.

"Basi munipasue tu," nikasema.

Daktari akaniangalia. Wanafunzi wakaniangalia. Daktari akadhani naficha kidonda. Akasema kwa huruma, "Mama, hapa hakuna wa kukucheka." (Alikosea.) Akainua gomesi mwenyewe, pole pole.

Wanafunzi wakanyoosha shingo.

Mguu mmoja bibi harusi. Wa pili, nyumba ya udongo. Matope yalikuwa yamekauka na kupasuka vipande vipande, na kila nilipopumua kipande kimoja kilidondoka kwenye shuka jeupe. Harufu ya samadi ikapanda juu. Mwanafunzi aliyesifu ngozi akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, hii ni nini?" akauliza daktari.

Mdomo wangu ukajibu kabla yangu. "Ni dawa."

"Dawa?"

"Ya kienyeji."

"Kwa mguu ambao haujaumia?"

"Ndiyo. Ni ya kuzuia."

Nikaona kalamu zikiandika! Kijana mwenye miwani akaniuliza kwa adabu dawa hiyo inatengenezwa na nini. Nikamwambia majani. Akauliza majani gani. Nikamwambia ni siri ya ukoo wetu. Akavaa glavu, akainama nyuma ya goti langu, akabandua kitu, akakiinua juu kwenye mwanga.

"Hili ni ganda la ndizi," akasema.

"Ndiyo yenye nguvu," nikasema.

Masika hakuweza tena. Alikuwa amejibana mpaka machozi yanamtoka. "Dawa gani?" akasema. "Daktari, huyu mama anakudanganya. Ile ni matope ya shimo ya maganda. Alikuwa anafukuza mbuzi. Miye nilimutoa na hii mikono yangu!"

Chumba kikalipuka. Daktari mwenyewe, yule aliyeahidi kutonicheka, alisimama akageukia ukuta, mabega yanatetemeka. Mwanafunzi mmoja akakaa chini. Mgonjwa wa nyuma ya pazia, ambaye sikujua hata kama yuko, akauliza, "Mbuzi alipona?"

Wakaleta beseni na maji ya moto. Nikaoshwa mguu na madaktari wa kesho, tabaka kwa tabaka, huku nimefunika uso kwa mkono wa gomesi. Ulipotakata, daktari akashika lile goti langu zima, akalivuta kama alivyovuta lile lingine.

Droo ikafunguka. Sawa sawa na ile ya kwanza.

Akarudia. Akahamia goti la kwanza. Akarudi kwa la pili. Kisha akacheka, lakini safari hii cheko lingine.

"Mama, magoti yako yote mawili yamelegea hivi tangu uzaliwe. Ni maumbile yako tu. Kano imepona vizuri. Hakuna upasuaji."

Sikumwelewa mara moja. Akanieleza tena: angeangalia mguu mmoja tu, angenituma kupasuliwa. Huu niliokuwa naukumbatia na kuuficha ndio umeniokoa.

"Sasa shuka, tembea," akasema.

Nikashuka. Mguu mmoja una kucha nyekundu, wa pili umelowa na hauna kiatu. Magongo nikamwachia Masika. Nikapiga hatua, nikapiga ya pili, nikafika mlangoni, nikageuka, nikarudi. Wanafunzi wakapiga makofi, nami nikapiga vigelegele mwenyewe kwa kuwa Masika alikuwa analia. Goti halikusema kitu. Kimya, kama goti la mtu. Nimeambiwa niendelee na mazoezi, nisibebe mizigo bado, na netiboli nisahau kwanza.

Sasa hivi tuko garini tunarudi. Masika ameshapiga simu nyumbani, kwa hiyo najua Bwera yote inajua, na yule mbuzi pia. Ombi langu ni moja: mkinikuta sokoni, nisalimieni huku mnaniangalia usoni. Atakayeinamisha macho, kitenge atanunua kwa bei ya mgeni.