Nyumba ya Bi Alawiya Haiuzwi kwa Kila Mtu

Jumatatu, 5 Februari 2024
Siku njema! Bi Alawiya anahamia Mombasa kwa bintiye, na nyumba yake ya hapa Lamu, mtaa wa Mkomani, nimekabidhiwa mimi, Yassir, dalali. Mteja wa kwanza kafika kabla sijamaliza chai. Mwalimu Gakii, kwao Meru. Miaka tisa anafundisha Lamu na kuhamahama vyumba vya kupanga. Sasa anataka kwake mwenyewe, na pesa anayo. Nikamwambia arudi kesho. Mtu wa bara Mkomani? Kwa mkono wangu? Haiwi.

Jumanne, 6 Februari
Akili yangu wakati mwingine hunitisha. Nimemwandikia mwalimu barua: nyumba imekwenda kwa shufaa. Jirani ana haki ya kununua kwanza, na jirani, Bwana Aqil, keshanunua. Nani atabishana na sheria ya dini? Aqil mwenyewe sikumwambia. Ya nini kumsumbua?

Alhamisi, 8 Februari
Mwalimu kampelekea Aqil sahani ya halua kumpongeza! Nani alimfundisha adabu zetu kiasi hiki? Aqil kaila yote, ndipo akauliza anapongezwa kwa lipi. Sasa barua yangu inasomwa mji mzima.

Bi Alawiya kaniita. Kasema alitaka mtu wa kuitunza nyumba, kabila hakuniuliza. Kisha kaninyooshea kidole mlangoni: "Ndia ni ile!" Nikatoka kabla hajamaliza, akabaki na maneno yake. Tena amesahau mkataba wetu: mwaka mzima hauzi bila mimi. Ushindi!

Jumanne, 4 Juni
Mahakamani! Mwalimu ameshtaki kwa ubaguzi. Kaja na Katiba, mimi nimekuja na kanzu mpya. Nikamweleza hakimu kwamba simbagui mtu. Wa bara nimewanyima, hata wa pwani wenzetu, wa Mbwajumali nimewanyima, wa Kiunga nimewanyima, wote sawasawa. Hakimu akaandika kila neno. Pale pa Kiunga akaniomba nirudie. Sijawahi kusikilizwa hivi maishani! Wakili wangu kajifunika uso kwa mikono miwili. Furaha, nadhani.

Alhamisi, 19 Septemba
Hukumu. Mkataba wangu umefutwa, mwalimu auziwe nyumba kwa bei ileile. Udalali sipati hata senti. Nimlipe fidia na kumwomba radhi kwa maandishi. Punda wangu wawili itabidi wauzwe. Nimeumia, sikatai. Mwalimu alilia pale pale kortini, na Bi Alawiya akamkumbatia mbele yangu bila haya.

Lakini hakimu amelitaja jina langu mara kumi na moja! Dalali gani mwingine wa Lamu amewahi kupata heshima hiyo?

Jumamosi, 21 Septemba
Nimeisoma hukumu upya. Hakimu anasema nilificha sababu yangu kwa uongo. Kweli kabisa, hapo nilikosea. Kuanzia leo ni uwazi mtupu. Nimechapisha fomu mia mbili za wanunuzi, na swali la kwanza nimeliweka kwa herufi kubwa: KWENU NI WAPI HASA? Nakala moja nimempelekea hakimu, ajionee nilivyobadilika.