Ombi la Dobi wa Gerbergasse Kuhusu Rangi za Mashati

Mtaa wa Gerbergasse, nyumba ya uani
Saksonia, Julai 1932

Kwa Mheshimiwa Bwana Meya,

Pokea salamu zangu na heshima tele. Mimi ni Hulda Kretzschmar, dobi, yule yule aliyekuwa akifua vitambaa vya meza vya Bibi Meya kabla uchumi haujaanguka na Bibi kuanza kufua mwenyewe huku amefunga mapazia, akidhani majirani hatuoni. Sisemi kwa ubaya, siku hizi kila mtu anafua kwa siri. Ninaandika kwa jambo moja tu, na nitalieleza kwa namba kama watu wa ofisi mnavyopenda: naomba halmashauri iamuru wanaume wote wa mji huu wavae mashati ya rangi moja.

1. Nguo nyeupe zimekwisha mjini. Vilianza kupotea vitambaa vya meza, zikafuata shuka, sasa hata kola za kubandika shingoni. Bwana Pätzold, karani wa kiwanda cha soksi, alikuwa akiniletea kola za wiki nzima. Tangu kiwanda kifungwe anageuzageuza ile ile moja, na akiniona njiani anajifunga skafu shingoni, na joto lote hili la Julai! Kilichobaki ni mashati ya vyama. Mtu hana viazi, hana makaa, hana kazi, lakini shati la chama analo, tena analitaka limepigwa pasi. Wapo wa kahawia, wapo wa kijivu wanaoitetea jamhuri, na wapo wekundu, wakomunisti, wenye kitambaa chao cha kufunga mkononi. Ukiuliza kulikoni, utaambiwa nchi inaokolewa. Mimi ninavyojua, penye shati pana na bakuli la supu, na mwenye njaa hana miiko. Mwanangu Lothar ana miaka kumi na tisa na hajawahi kuajiriwa hata siku moja tangu amalize shule. Alijiunga na wa kahawia kwa ajili ya supu ya njegere yenye soseji. Baba yake, mume wangu Ewald, aliyekuwa fundi wa mitambo pale kiwandani, ni wa kijivu tangu enzi na enzi. Kwa hiyo, Bwana Meya, taabu ninayokuletea ninaifua pia nyumbani kwangu.

2. Sufuria ya kufulia hapa uani ni moja, na rangi zote zinachuja. Wiki iliyopita kitambaa kimoja chekundu kilijipenyeza kati ya mashati ya kahawia yaliyopauka, kikosi kizima kikatoka na rangi ya waridi. Kiongozi wao akanijia juu: “We mama, unatuhujumu!” Nikamjibu, “Baba, ungeiona bei ya sabuni ungejua nani anahujumiwa.” Tangu siku hiyo kila rangi inataka maji yake na makaa yake, na mimi ni huyu huyu mmoja.

3. Damu. Husemwa ni nzito kuliko maji. Mimi dobi naongeza kwamba haitaki maji ya moto, ukiipiga maji ya moto imeshika milele. Hawa watu hupigana Jumapili, siku ambayo hakuna Mkristo anayeanika nguo, kisha Jumatatu wananiletea damu iliyokwisha kuganda. Niliwaomba kwa adabu, kama ni lazima kuvunjana pua, wavunjane Ijumaa asubuhi nipate kuloweka. Mwekundu mmoja akacheka: “Mama Kretzschmar, mapinduzi hayafuati ratiba ya dobi.” Haya, wapinduane basi na madoa yao.

4. Wengi hawana shati la pili. Wakishaniletea hilo moja, huketi kwenye benchi la uani vifua wazi mpaka likauke. Hapo ndipo nilipopata wazo langu. Mbavu za kahawia na mbavu za kijivu, Bwana Meya, hazina tofauti, zote zinahesabika. Wanapokezana sigara moja. Wanacheza karata. “Sogea bwana, mifupa yako inanichoma!” “Yako je, kama ubao wa kufulia!” Juzi hata Ewald na Lothar, ambao mezani kwangu hawasemezani tangu Pasaka, waliketi benchi lile, na mtoto akamwambia baba yake, “Cheza, mzee, zamu yako.” Nilikuwa dirishani na kibanio cha nguo mdomoni, nikalia, wala sioni haya kusema. Kisha mashati yakakauka, wakayavaa. Kabla hawajafika langoni walikuwa wameshatukanana.

5. Ushahidi upo. Aprili mwaka huu serikali ilipiga marufuku sare za wale wa kahawia, na wengine nao wakaona bora wajihadhari. Wote wakavaa mashati meupe, mengi ya kuazima tu. Raha iliyoje! Niliyachemsha pamoja kama viazi. Nao walipopigana walijikuta wanawatwanga wenzao, wakaona aibu, wakarudi nyumbani mapema. Juni ikaja serikali nyingine, ikaondoa marufuku, rangi zikarudi. Hivi huko Berlin hakuna hata mmoja anayefuliwa nguo?

6. Kwa hiyo narudia: rangi moja. Sichagui mimi. Iwe kahawia, iwe kijivu, iwe ya haradali, mradi isichuje. Atakayekataa asifuliwe, aone atakavyonuka. Bendera nazo ziwe hiyo hiyo, maana zimejaa madirishani na kwenye kamba zangu mpaka sina pa kuanika soksi. Na tukishafika hapo, kwa nini tusiendelee? Mwaka huu tunapiga kura kila tukimaliza kupiga deki. Karatasi ya kura iwe na chama kimoja na jina moja, watu wapige upesi warudi kwenye kazi zao, wale wachache wenye kazi. Mimi sioni hasara yoyote.

Nisalimie Bibi Meya, umwambie doa la divai hutolewa kwa chumvi na asinionee haya. Nisalimie makarani wote wa halmashauri, na askari wa zamu ambaye shati lake bado ninalo. Bwana Pätzold ukikutana naye mwambie kola moja nitamfulia bure.

Ni mimi raia wako mtiifu,
Hulda Kretzschmar, dobi

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha niliisoma barua hii kwa sauti mezani, Ewald anirekebishie lugha. Lothar alisikiliza mpaka mwisho. Sijamwona akifurahi vile tangu utoto wake. Aliruka akanibusu: “Mama, kumbe uko nasi! Tukishinda ndivyo tutakavyofanya. Rangi moja, chama kimoja, jina moja!” Mimi nilikuwa nafikiria sufuria, Bwana Meya. Yeye hakuwa anafikiria sufuria. Nikamuuliza, “Na shati la baba yako?” Akaitazama sahani yake ya viazi. “Atavaa letu,” akasema, “au hatahitaji shati.” Ewald akaweka kijiko chini.

Basi nakuomba, kwa Mungu, ichane barua hii. Ningeichana mwenyewe, lakini Lothar atauliza kama nimeituma. Waache wavae rangi zote, hata wakibuni mpya. Nitafua kila moja kwa maji yake, na makaa nitajua mwenyewe pa kuyapata. Kesho ni zamu ya shati la Ewald na la Lothar. Sitayakamua. Nitayaanika yakiwa yanachuruzika maji, yachelewe kukauka.