Meza ya Marehemu Egbert

Jumatatu, 3 Februari
Egbert, una kichwa kigumu hata ukiwa umekufa. Nilikwambia uzikwe kanisani kama watu wenye adabu zao. Ukataka uani, eti uione bahari. Haya, bahari inaonekana, ila wewe na saruji yako mmekaa katikati.

Mjukuu wako Tashoya kapiga picha za nyumba, aziweke kwenye simu, watalii wapange chumba cha mbele. Kila picha kaburi. Akaniuliza, bibi, babu tumfanyeje? Nikamwambia aniachie mimi.

Wilaya yetu nzima ya Portland inapangisha. Hata Murline wa upande wa pili wa ua, ambaye choo chake nakijua, ana wageni wa Kanada. Siku hizi ananiita "jirani mpendwa". Zamani nilikuwa Vernice tu.

Jumanne, 4
Nimepata. Kaburi lina kimo cha meza na upana wa meza. Nimetandika kitambaa cha maua, kile cha Krismasi, mpaka chini. Mabenchi mawili nimeazima kanisani. Mchungaji hajui.

Tashoya kagoma kupiga picha. Dhambi, anasema. Nikamuuliza nani alimlisha marehemu miaka arobaini na moja. Basi naye atusaidie kulisha wageni. Kapiga.

Alhamisi, 6
Wageni wa kwanza: Bwana Holger na mkewe Silke, Wajerumani. Meza wameipenda mno. Holger kaigonga kwa ngumi, akasema vitu imara hivi kwao havitengenezwi tena. Nikamwongezea kahawa.

Murline kachungulia juu ya ua, sauti tamu kama asali, akauliza Egbert anaendeleaje. Nikamwambia ana wageni.

Ijumaa, 7
Simu kutoka Uingereza. Shemeji Lascelles, mdogo wake Egbert, anafika Jumapili kulipaka kaburi chokaa. Kila mwaka huja karibu na Pasaka. Nani kamwita mapema? Namjua. Tumetenganishwa na ua.

Ardhi hii ni ya ukoo. Lascelles akisema hapana, sipangishi hata banda la kuku. Na mabati ya paa la nyuma yaliyobebwa na kimbunga hayajarudi yenyewe; pesa za wageni ndizo za kuyanunulia mengine.

Nikamwambia mvua imekata barabara. Akanijibu, "Shemeji, nimetazama kwenye simu, kwenu jua linawaka." Simu hizi zitatuua.

Jumapili, 9
Niliwaamsha Wajerumani kabla hakujapambazuka, wale haraka nitoe kitambaa. Wajerumani hawali haraka.

Saa moja Lascelles huyo, koti la sufu, ndoo ya chokaa mkononi. Hakunisalimia. Akaenda moja kwa moja kwa kaka yake, akafungua chupa, akammiminia ramu. Ramu ikaangukia sahani ya akki, lile tunda letu la kupika, na samaki wa chumvi. Holger akadhani ndiyo desturi yetu ya kukaribisha wageni. Akasimama kwa heshima, akamwaga na kahawa yake.

Lascelles akavua kofia. "Pumzika, kaka Egbert. Na hawa waliokukalia ni akina nani?"

Silke akauliza Egbert ndiye nani. Lascelles akainua kitambaa. Silke alikuwa na shelisheli mdomoni. Hakuimeza.

Kabla kengele ya kanisa haijalia walikuwa wamehamia kwa Murline. Lascelles kasema hakuna mgeni atakayelala hapa mpaka ukoo mzima ukae kikao. Nusu ya ukoo iko Birmingham, nusu Toronto. Watakaa lini, kiyama?

Jumatano, 12
Nyota moja kati ya tano, kwenye simu. Wajerumani wameandika kwamba tuliwalisha juu ya maiti. Uongo mtupu. Kuna saruji ya inchi sita hapo katikati, niliisimamia mwenyewe ikimwagwa. Nimelia kidogo. Kwa ajili ya mabati.

Lascelles kamaliza chokaa, kapanda ndege. Kaburi linang'aa kama jino jipya.

Mchana nikasikia minong'ono. Wageni wa Murline, watu wanne, wamejipanga kwenye ua wanampiga Egbert picha. Wameisoma ile habari ya nyota moja. Kijana mmoja mwenye ndevu akaniuliza, mama, samahani, tunaweza kuja kula hapo? Murline alikuwa nyuma yao na sahani zake za mayai, yanapoa. Sijawahi kumwona mzuri vile.

Nimefikiri sana. Lascelles alikataza wageni kulala. Kula hakukutaja.

Tashoya, acha kunitolea macho, lete kitambaa, kisha ukapime kaburi la mama mkwe wangu, lile la pembeni. Nadhani linaweza kukaa watu sita. Na wewe Egbert, kaa hapo hapo.