Tundu la Mwaka wa Ishirini na Tano

Jumatatu, 3 Februari

Baridi kali. Mto LaHave umeganda kingo zote mbili. Nimekaa mezani na kitabu changu cha sarafu, kile cha jalada la buluu chenye matundu ya kubandikia senti ndogo. Matundu yote yamejaa isipokuwa moja. Mwaka 1925.

Mwaka huo walitengeneza senti chache kuliko miaka mingine, sijui kwa nini. Labda walichoka. Duka la Halifax wanayo moja, imesagika hadi Mfalme Joji amebaki na sikio tu, na bado bei yake ingetupashia nyumba joto siku kadhaa. Siwezi. Pensheni ya kiwanda cha samaki haikupangwa kwa ajili ya wafalme.

Mimi huokota sarafu za bei nafuu zenye sura nzuri. Senti tano ya wakati wa vita, yenye pembe kumi na mbili, na ukingoni nukta na vistari, zile alama za kupigia simu ya upepo. Senti kumi yenye merikebu ya matanga ya pwani yetu. Ukizipata zimechakaa kidogo hazigharimu kitu, na ukizishika karibu na taa zinakuwa kama dirisha la nyumba ya mtu.

Dada yangu Myrna, ambaye naishi naye tangu mumewe afariki, ameniuliza tundu moja linaninyima raha gani. Nimemwambia nimefanya kazi ya kupanga heringi kwenye mikebe miaka mingi. Mkebe wenye nafasi ya samaki mmoja hufungi. Amesema, basi, mkebe huo wangu umeanza kunuka.

Alhamisi, 6 Februari

Mkutano wa chama cha sarafu, ukumbi wa zimamoto. Aibu.

Nilikuwa nimeandaa senti yangu kubwa ya Malkia Viktoria. Ilikuwa ya rangi ya chai. Nikafikiri ikimetameta watainuka vitini. Nikaisugua kwa siki na magadi mpaka ikawa ya waridi kama nguruwe mchanga.

Everett Oickle aliipokea kwa ncha za vidole. Everett tulisoma darasa moja. Alikuwa muuza misumari dukani mpaka alipostaafu, na tangu utotoni hajapata kukosea jambo mbele yangu. Aliitazama, akaipeleka kwa jirani yake, akasema kwa upole, “Delbert ameiogesha.”

Wakacheka wote. Imeshaharibika, wakasema. Sarafu ikisuguliwa haina soko tena. Garnet Knickle, mwenyekiti wetu, akanipigapiga bega kama mtu aliyefiwa.

Lakini kabla ya chai Garnet alitoa habari. Bibi Winnifred Hirtle, mjane wa yule nahodha Leander aliyefariki vuli iliyopita, ana bati la biskuti lililojaa sarafu za mumewe. Anatafuta mtu wa kumtazamia. Nani anakaa karibu naye?

Mimi na Everett tukanyoosha mikono kwa pamoja. Nikasema Everett ana mgongo mbovu, asisumbuliwe. Everett akasema mimi nitakwenda kuziogesha.

Garnet akasema tukubaliane wenyewe. Hatukukubaliana.

Ijumaa, 7 Februari

Theluji imeanguka hadi magotini. Mpango wangu: niwahi kwa Bibi Hirtle, nimsafishie njia, aone moyo wangu, alete bati.

Nikafika na koleo begani. Everett alikuwa ameshaanza, upande wa jikoni, na ule mgongo wake. Nikaanzia barabarani. Tukachimba kuelekeana, kila mtu akijitahidi asisikike anavyohema. Tukakutana katikati, koleo zikagongana. Hakuna aliyetaka kusogea. Mwishowe tulirusha kipande kile cha theluji pamoja.

Bibi Hirtle akafungua mlango akasema halmashauri safari hii imefanya vizuri kutuma watu wawili. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anangoja zamu ya upasuaji. Everett akajitambulisha. Nikajitambulisha kwa sauti zaidi. Akatukaribisha ndani, akatupa heringi wa siki na mikate migumu ya oti. Tukala. Tukasifu. Bati lilikuwa juu ya kabati, nililiona kabisa, lina picha ya farasi. Hakuna aliyelitaja. Everett alisubiri mimi nianze, nami nilisubiri yeye. Tukaaga tumeshiba.

Jumapili, 9 Februari

Siwezi kutulia. Niandike yote kwa utaratibu.

Everett hula kwa binti yake kila Jumapili baada ya ibada. Nilijua hilo. Nikaenda moja kwa moja kwa Bibi Hirtle. Akafurahi, akanituma juu ya kigoda nilishushe bati mwenyewe.

Tulilimwaga juu ya gazeti. Loo. Senti kubwa za zamani, pana kama vifungo vya koti la nahodha. Vile visarafu vya fedha vya senti tano, vidogo na vyembamba, ambavyo wazee wetu waliviita magamba ya samaki. Senti kumi ya mwaka wa sitini na saba yenye samaki mgongoni. Bibi Hirtle aliipapasa, akacheka. Alisema Leander aliapa aliyemchora yule alikuwa amemwona samaki kwenye sahani tu. Hakuwa mkusanyaji, alisema. Alikuwa akirudi kutoka baharini na chenji mfukoni, ikimpendeza picha anaiweka. Hakujua bei ya hata moja.

Nilikuwa nasikiliza nusu. Mkono wangu ulikuwa kwenye senti ndogo za kahawia.

Akaniomba nimsomee miaka. Yeye haoni tena maandishi madogo kama yale. Nikasoma. Thelathini na sita. Ishirini. Thelathini na moja. Halafu nikainua moja, nikaipeleka dirishani. Majani mawili ya ule mti wa bendera yetu, yamesimama wazi. Na chini: 1925.

Nikaisoma mara ya pili.

“Na hiyo?” akauliza.

Nikasema, “Ishirini na tisa.”

Ilitoka yenyewe. Sikuipanga. Mipango yangu yote huwa naipanga, na hii ambayo sikuipanga ndiyo iliyotoka laini kuliko zote.

Kisha akauliza kama hakuna yoyote ya ishirini na tano. Nikashtuka: nani amemwambia bei? Everett? Nikasema hakuna. Akatazama dirishani muda, ingawa sidhani aliona kitu. Akasema basi ilipotea.

Akauliza kama hizi za kahawia zina thamani yoyote. Nikamwambia benki hazizitaki, maduka hayazitaki, ni uzito tu. Kabisa? Kabisa. Nikajitolea kumwondolea zote. Akasema nimpe siku chache, azishikeshike kwanza. Nije Ijumaa.

Ningeweza kung'ang'ania. Lakini mvuvi mzuri havuti kamba kwa pupa. Nikaichanganya ile moja na wenzake, nikaaga.

Jumanne, 11 Februari

Siku mbili najishughulisha na kitabu. Nimepangusa lile tundu kwa kitambaa laini.

Myrna ameniuliza kama nimemwambia yule mama ukweli. Sijui alijuaje. Nimesema nimemwambia mambo mengi ya kweli. Ameendelea kukata kabichi. Baadaye, bila kunigeukia, akasema: “Ukishaliziba hilo tundu, Delbert, jioni utafungua kitabu uangalie nini?”

Ni swali la mtu asiyekusanya kitu.

Lakini nimelifikiria. Nimefungua vitabu vyangu vilivyojaa, vile vya senti tano na senti kumi. Vina vumbi. Sijavifungua tangu nilipovijaza. Nikavifunga tena upesi.

Nimeamua kumlipa kwa njia nyingine. Nitamsafishia njia mpaka theluji iishe. Nitampelekea jamu ya Myrna. Ukijumlisha vyote, atakuwa amepata zaidi ya thamani ya senti moja. Naona ni haki. Nimeona hivyo mara kadhaa leo, na kila mara nimelazimika kuanza upya kuona.

Ijumaa, 14 Februari

Nimekwenda na chupa mbili za jamu. Mlangoni nilisikia harufu ya vanishi.

Everett alikuwa jikoni, mikono ya shati imekunjwa, brashi mkononi. Mezani palikuwa na sinia la mbao. Senti za kahawia zote zimebandikwa juu yake, duara ndani ya duara, nyeusi nje na nyekundu kuelekea ndani, zikimeremeta chini ya vanishi kama zimezama kwenye maji safi. Lilikuwa zuri. Lazima nikiri, sijaona senti zikipendeza namna ile kitabuni.

Katikati kabisa, peke yake, imeachiwa nafasi, moja. Nikainama. Nilijua kabla sijasoma.

Nikauliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, imebandikwa kwa gundi gani. Everett akasema ile ya kushikia vigae vya bafu. Haibanduki.

Bibi Hirtle aliniambia nikae. Alisema amenishukuru sana moyoni. Siku nyingi alitaka kutengeneza sinia kama hili, ila aliogopa kuharibu kitu cha thamani. Nilipomwambia hazina bei, ndipo alipopata ujasiri. Akamwita Everett, kwa kuwa anajua mambo ya gundi, na kumwomba azisome tena, ili azipange kwa miaka.

“Akakuta ya ishirini na tano,” alisema. “Macho yako yamechoka, Delbert. Tano umeiona tisa.”

Alilisema kwa upole kabisa. Sijui kama aliamini. Everett alikuwa anasafisha brashi, amenipa mgongo.

Kisha Bibi Hirtle akanieleza. Mama yake alizaliwa mwaka huo. Leander alipokuja kumchumbia yeye Winnifred, kijana wa meli, hana kitu, alimletea mama mtu senti ya mwaka wake wa kuzaliwa, imefungwa kwenye kitambaa. Mama akamwambia haozi binti kwa senti moja. Lakini akaipokea. Akaitunza kwenye kikapu cha kushonea mpaka alipokufa, na Leander akaitia batini pamoja na zake. Tangu msiba wa mumewe, Bibi Hirtle amekuwa akiitafuta kwa vidole. Senti zote ni sawa kwa vidole.

“Everett aliniambia hii moja ina bei,” akaendelea. “Alinitajia. Nikamwambia, kumbe mama alipunjwa kidogo tu. Iweke katikati.”

Wakacheka wawili hao. Nikacheka pia, nikiwa nimeshika chupa za jamu.

Akamimina chai, akaniletea kwenye sinia lile lile, upande uliokwisha kukauka. Nikanyanyua kikombe. Chini yake mfalme alikuwa ananiangalia kwa jicho la pembeni, kama wanavyotengenezwa wote.

Tulitoka pamoja na Everett. Barabarani nilimuuliza kwa nini hakuinunua. Alikuwa na nafasi, na yeye pia kitabu chake kina tundu lile lile, najua. Alivaa glavu zake polepole. Akasema alikusudia. Alikuwa ameshaishika. Akaisoma kwa sauti kabla hajafikiri, na yule mama akaanza kulia.

“Basi, bwana,” akasema. “Ungeweza wewe?”

Nikasema nisingeweza. Tukatembea pamoja mpaka kona.

Jumatatu, 17 Februari

Sikukuu. Maduka yamefungwa. Theluji mpya.

Nimekwenda kwa Bibi Hirtle alfajiri, nikasafisha njia yote, nikaondoka bila kubisha hodi. Sikutaka kitu. Ni hisia ngeni. Mikono inauma lakini kifua ni chepesi. Nikarudi, nikakaa mezani, nikaangalia lile tundu muda mrefu, na kwa mara ya kwanza sikuliona kama pengo. Ni mahali pa ile senti, na ile senti iko mahali pake.

Nimeazimia. Nimeiandika kwa wino: kuanzia leo, Delbert Corkum atasema kweli katika mambo ya sarafu, iwe kwa hasara yake. Myrna ameisoma begani kwangu. Ameguna tu, lakini ameniongezea siagi.

Saa tano Everett amepiga simu. Tumekuwa kama marafiki tangu Ijumaa. Amesikia kuna mzee mmoja kule mji wa Mahone Bay anahamia kwa mwanawe na anauza vitu vya nyumbani, na kati ya vitu hivyo kuna chupa ya magamba ya samaki, vile visenti vya fedha, anavitoa kwa bei ya kutupa. Yeyote atakayewahi. Kwa kuwa binamu yangu anaendesha greda la theluji, alitaka kujua njia ikoje. Alisema, kama inapitika, twende wote, tugawane nusu kwa nusu.

Ni mtu mwema Everett. Nimemwambia hivyo hivyo kwenye simu.

Kisha nikamwambia njia imefungwa mpaka Jumatano.

Sasa gari linanguruma uani, linapata joto. Myrna ametokeza dirishani kuuliza nakwenda wapi na theluji hii. Nimemwambia nakwenda kuhakikisha kama kweli njia imefungwa. Nisije nikamdanganya mtu.