Gereji Tupu Ifikapo Jumamosi

Jumanne, 3 Juni

Marlys kanipa siku nne. Miaka thelathini na moja ya ndoa, hajawahi kunipa siku nne za jambo lolote. Amestaafu kazi ya jikoni shuleni, akajinunulia tanuri la kuchomea vyungu. Linaletwa Jumatatu, litakaa gereji. Gereji imejaa. Imejaa vitu vyangu, anasema. Vitu vyetu, nikamsahihisha. Akaniuliza ule mtumbwi uliotoboka ni wetu tangu lini.

Jumamosi ni gulio la mtaa. Kila nyumba inafungua gereji yake na kuuza vitu isivyovitaka. Niuze nimalize, kasema. Nikishindwa, tanuri linakwenda kwa Duane, ng'ambo ya barabara. Kumbe Duane ameshamwahidi nafasi! Gereji ya Duane safi kama chumba cha upasuaji. Amefiwa na mke, ana kifua kipana, anajua kuoka. Mke wangu awe anafinyanga vyungu kwa Duane kila siku iendayo kwa Mungu? Thubutu!

Jumatano, 4 Juni

Nimekagua mali. Mashine ya mazoezi (tumeanikia taulo tangu mwaka 2009). Mashine mbili za kusukuma theluji, moja nzima, moja itapona. Ensaiklopidia, A hadi M. Kulungu wa plastiki wa kupambia Krismasi, miguu mitatu. Mtumbwi. Kuna watu hawajui thamani ya vitu. Mimi najua.

Nilipita kwa Duane kupeleleza, nikijifanya naazima ngazi. Amebandika karatasi za rangi kila mahali, bei za kutupa. Nikamwambia anaharibu soko. Akacheka. "Jirani, tunauza takataka hapa, hatuuzi ng'ombe!" Takataka zake, labda.

Nimerudi na ngazi. Na ndoano za kuvulia samaki, boksi zima. Alikuwa anazitoa bure, ningeziachaje?

Alhamisi, 5 Juni

Mpango umenijia nikiwa bafuni. Mtu hataki kitu mpaka aone mwenzake anakitaka. Basi! Ninahitaji mteja wa bandia. Nimempata: Lyle, mdogo wake Marlys, mwenye gari la mizigo na Jumamosi isiyo na kazi. Nitampa hela zangu mwenyewe. Atakuja, atashangaa, atagombea, atanunua kwa sauti kubwa. Watu wataona, watavamia. Vile viwili vitatu atakavyochukua atavitupa mbali kimyakimya.

Hilo la kuvitupa nadhani nilimwambia.

Lyle aliuliza, mtu mwingine akitaka kitu hichohicho, afanyeje? Nikamjibu asikubali kushindwa, ndiyo bei inavyopanda. "Shemeji, hiyo niachie mimi." Marlys hajui. Ataona matokeo.

Ijumaa, 6 Juni

Mazoezi na Lyle nyuma ya nyumba. Amezidisha. Alipiga magoti mbele ya kulungu na kutoa machozi. Marlys akachungulia dirishani, akauliza mdogo wake ana nini. Nikasema chavua zinamsumbua.

Jioni Marlys alisogeza makopo ya rangi, akachora mraba kwa chaki sakafuni, pale litakapokaa tanuri. Akasimama ndani yake na kikombe cha kahawa, peke yake, anatabasamu. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona hivyo. Roho iliniuma kidogo. Nitashinda, lazima.

Jumamosi, 7 Juni

USHINDI!

Sheria ya mtaa ni kufungua saa mbili. Wanunuzi wa alfajiri walifika saa kumi na mbili, kama kawaida yao, wakaenda kwa Duane. Wote! Kwangu alikuja bwana mmoja kuuliza choo kiko wapi. Hadi saa tatu nilikuwa sijauza hata kikombe.

Ndipo akafika Lyle. Jamani, Lyle! "Mungu wangu, mashine ya theluji!" akapiga ukelele, mwezi Juni. Watu wakageuka, wakavuka barabara. Bibi Ostby, mwalimu mstaafu, akautaka mtumbwi apandie maua. Lyle akapandisha bei. Bibi naye akapandisha. Lyle akapandisha tena. Bibi akaondoka akimwita mhuni. Vijana wawili, wachumba, wakaitaka mashine ya mazoezi. Lyle akaikumbatia. Nikamkonyeza aachie. Naye akanikonyeza.

Saa sita mchana gereji ilikuwa nyeupe. Marlys akatoka, akazunguka mle ndani, akaita jina lake mwenyewe asikie mwangwi. Akanikumbatia mbele ya Duane. Akasema hakuamini kama ningeweza. Duane akanipa mkono. Niliubana kisawasawa.

Jumapili, 8 Juni

Tumetoka kanisani, tunanywa kahawa gerejini, Marlys ndani ya mraba wake. Honi. Lyle, gari limejaa hadi juu, kulungu ameketi mbele amefungwa mkanda.

"Shemeji! Hakuna hata kimoja kilichonitoka! Nivishushe wapi?"

Nilimpa ishara kwa macho, kwa mikono, kwa kikombe. Wapi! Akaeleza mbele ya dada yake kwamba hela zangu zilitosha kabisa, na kwa chenji alinunua mashine ya mkate kwa Duane, maana ilikuwa ya kutupa.

Marlys hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza tu, taratibu, "Verlyn, umenunua vitu vyako mwenyewe?" Nikaanza kumfafanulia saikolojia ya soko. Akaweka kikombe chini, akavuka barabara kwenda kwa Duane. Nilimwangalia mgongo. Nakiri hapa, ambapo hapana mtu anayesoma: nilidhani harudi.

Akarudi na Duane, rangi na ubao. Akaandika BURE. Wakashirikiana na Lyle kupanga vyote kwenye nyasi kando ya barabara. Saa mbili hazikupita, vikaisha. Bibi Ostby alichukua mtumbwi bila kunisalimu. Mashine mbovu ya theluji iligombaniwa! Bure! Kwa hiyo soko lilikuwepo tangu mwanzo. Nilijua. Kosa ni la Lyle.

Jumatatu, 9 Juni

Tanuri limefika. Marlys kavaa aproni, anaimba. Bado hanisemeshi, ila asubuhi aliniambia nishike mlango, nami nikashika vizuri. Ukilitazama jambo lenyewe bila wivu, nimeshinda. Tanuri liko kwangu, haliko kwa Duane.

Na linachukua kona moja tu! Kona tatu zimekaa hivihivi, hewa tupu, ni dhambi. Mchana kamati ya gulio ilikaa kwa Duane. Tatizo: nyumba kumi na moja zina vitu vilivyobaki, vinahitaji mahali pa kukaa hadi gulio la vuli. Watu wakainamisha vichwa. Nikasimama. Nikaitoa gereji yangu. Walinipigia makofi, mimi, mtaa mzima!

Duane alinivuta pembeni, akauliza kama Marlys anajua. Nikamwambia mke wangu namjua mimi.

Wanavileta saa kumi, Marlys akiwa amekwenda kununua udongo. Atarudi akute mambo yamenoga.