Njia ya Kansas Inapita Randburg

Jumatatu, 2 Machi

Kocha Jelimo anakuja Johannesburg! Ni kocha msaidizi wa chuo kimoja cha miaka miwili huko Kansas, Amerika, na anatafuta vijana wa mpira wa kikapu. Ukichaguliwa unasoma bure, unacheza, na ukiwaka huko vyuo vikubwa vinakuja kukugombania. Mchujo ni Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi mmoja wa Newtown.

Nina miaka ishirini. Mama ameshanipatia kazi ya kulinda mlango wa duka la nguo, nianze mwezi ujao. Hata soksi nyeusi kanunua. Ni Kansas au mlangoni.

Kikwazo kimoja tu: urefu. Wakati wa kujiandikisha waliuliza, nikaandika mita moja na tisini. Dada yangu Inès akachungulia simu yangu, akauliza huyo ni nani. Inès alizaliwa hapa hapa. Anasikia Kiswahili vizuri lakini anajibu kwa Kiingereza. Dharau yake naielewa kwa lugha zote mbili.

Jumatano, 4 Machi

Urefu umepata dawa. Nimekata vipande vya godoro, nikavishindilia ndani ya viatu. Nikaenda kujaribu uwanjani, kwenye bustani ya Joubert Park. Nilikuwa mrefu kweli! Niliona vipara ambavyo sijawahi kuviona.

Shida ni kuruka. Nikiruka, natua mara mbili. Mara ya tatu kiatu kilikwenda upande wake na mimi upande wangu, nikaangukia ubao mkubwa wa chesi wanapocheza wazee. Nikamgonga malkia. Mzee Jacques, Mkongo aliyekuwa karibu kushinda, alimwinua malkia, akampangusa vumbi kwa shati lake. Ningependelea matusi.

Nyumbani Mama akauliza nani amekula godoro la wageni. Nikasema panya. Akasema basi panya huyo ameshashiba, hana haja ya chakula cha jioni.

Nimelala na njaa. Lakini mrefu.

Alhamisi, 5 Machi

Sasa tatizo la Bramwel. Ni Mkenya, baba yake anafanya kazi benki, wanaishi Randburg, kitongoji cha kaskazini mwa jiji. Ana mita moja na tisini na sita, bila godoro. Mpira ukimfika umeshaingia. Na kibaya zaidi ni mtu mwema. Ananiita ndugu, na anamaanisha. Utamchukiaje mtu wa namna hiyo? Inahitaji bidii.

Leo kanipigia. Simu yake ya zamani imeanguka kwenye maji na ujumbe wote umepotea. Akaniomba nimkumbushe mchujo unafanyika wapi.

Mungu hufungua milango! Nikamwambia ni Randburg, kwenye ukumbi wa ile shule yenye paa la kijani. Ndio ukumbi pekee ninaoujua huko. Akafurahi sana, akasema ni karibu na kwao, atakwenda kwa miguu. Kisha akasema ataniombea.

Eish. Nilihisi kitu kifuani. Labda ni njaa ya jana.

Nimezima simu asije akaniuliza tena. Naiwasha mchujo ukiisha.

Jumamosi, 7 Machi

Andika polepole, Égide.

Nilifika Newtown mapema, nimevaa godoro langu, nimejipaka mafuta. Ukumbi umefungwa. Maji yanatiririka chini ya mlango. Mlinzi akaniambia bomba lilipasuka, sakafu imekuwa bwawa, na watu wa kikapu walihamishwa tangu jana. Nikamuuliza wamehamishiwa wapi.

“Randburg,” akasema. “Kwenye shule ile ya paa la kijani.”

Nikawasha simu. Ujumbe ukaanza kumiminika. Waandaaji wamenitafuta. Bramwel amenitafuta. Hata Mama, aliyekuwa jikoni nilipozima, amenitafuta.

Nikakimbia hadi stendi ya teksi. Dereva hakuondoka mpaka teksi ijae, na kila robot, yaani taa za barabarani, tuliyoikuta ilikuwa nyekundu. Niliposhuka Randburg nikakimbia tena. Kila hatua godoro lilinirusha kushoto, mwishowe nikalitoa na kulitupa kwenye pipa. Nikafika mlangoni nikiwa na kimo alichonipa Mungu, nahema kama mbwa.

Mama mmoja kati ya waandaaji, Orpha, akanizuia. Mchujo umeshaanza, akasema, aliyechelewa amechelewa. Nikamsihi. Akatikisa kichwa. Nikaziona zile soksi nyeusi.

Hapo Bramwel akaniona. Aliacha mpira unadunda peke yake, akaja mlangoni, akanishika mkono mbele ya watu wote, akanipeleka hadi kwa Kocha Jelimo.

“Kocha,” akasema, “huyu ndugu yangu alijua tumehamia hapa kabla ya mtu yeyote. Alinielekeza mimi, yeye mwenyewe akachelewa. Kama hachezi, na mimi nakaa naye benchi.”

Sakafu ya Randburg ni imara. Niliiomba ipasuke, ikakataa.

Kocha akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaniuliza jina, akalitafuta kwenye simu yake, kisha akaniuliza kwa Kiingereza sentimita nyingine ziko wapi. Nikasema nimeziacha njiani. Akaficha mdomo kwa mkono. Akaniambia niingie.

Miguu ilikuwa imekwisha. Sikuweza kuruka wala kulenga kikapu. Nikafanya kitu pekee nilichoweza: nikipata mpira, nampa Bramwel. Nikauvusha chini ya mkono wa mtu, akafunga. Nikautupa bila kuangalia, kwa sababu ya jasho machoni, akafunga. Watu wakaanza kupiga makofi. Kufika mwisho nilikuwa nacheka peke yangu. Sikumbuki lini mpira ulikuwa mtamu vile.

Bramwel amechaguliwa, hilo lilijulikana. Kisha Kocha akaniita pembeni. Akasema wafungaji anao wengi, anayejua kugawa mpira anaye mmoja, naye anaondoka mwaka huu. Nafasi anaweza kunipa. Ila hachukui mtoto wa mtu kabla ya kuketi na mama yake na kusikia kutoka kwake huyu mtoto ni wa namna gani. Atakuja nyumbani Jumatatu.

Mama alipiga vigelegele hadi majirani wa ghorofa ya juu wakashuka. Mmoja wao, Mama Murielle, alileta soda. Hata Inès alinikumbatia, kidogo, halafu akanawa mikono.

Jumapili, 8 Machi

Baada ya kanisa nilitaka kumwambia Bramwel ukweli wote. Kisha nikafikiri ataumia. Nikamhurumia, nikanyamaza. Nina moyo laini kupita kiasi.

Kazi sasa ni ya kesho. Nilimuuliza Mama atamwambia nini Kocha. Akasema ukweli: kwamba mimi ni mvivu, ni mwongo, na ananipenda. Hayo mawili ya kwanza hayafai kufika Kansas.

Lakini nimepata njia! Kiingereza cha Mama ni cha kuuzia nyanya tu. Kwa hiyo atazungumza Kiswahili, na mimi nitamfasiria Kocha. Akisema mvivu, nitasema mtulivu. Akisema mwongo, nitasema nina fikra nyingi. Inès nimempangia safari ya kwa shangazi, asije akasahihisha.

Nikampigia Bramwel kumweleza. Akashtuka, akasema Kocha Jelimo alizaliwa Kapsabet, kwao Kenya, akasomea huko hadi sekondari.

Masikini Bramwel, anashtuka upesi. Miaka yote hiyo Amerika! Kiswahili huisha kama sabuni. Kocha atakaa pale kwenye kiti chetu kizuri, atatabasamu, hataelewa hata neno moja.

Nimefikiria kila kitu.